Bustani ya mboga nyumbani: hesabu ianzie mwisho, sio kwenye pakiti ya mbegu

Mkuu umesema una kieneo cha mita 4 kwa 5 nyuma ya nyumba, unataka mboga mwaka mzima, mvua zinaanza kama mwezi mmoja kutoka sasa na mbegu za nyanya tayari unazo mkononi, je uzisie leo. Ntajibu kirefu kidogo maana hilo swali la nyanya limenitesa misimu mitatu, jibu lenyewe liko chini kabisa, mwenye haraka ashuke huko.

Mwaka wangu wa kwanza nilichimba eneo lote siku moja nikamaliza pakiti zote siku hiyohiyo, mchicha, letusi, karoti, kabichi, kila kitu kwa pamoja kama nagawa zawadi. Wiki ya 5 nina mchicha wa kulisha mtaa, tunakula mchana tunakula usiku mpaka watoto wakiona sahani wananyamaza tu, letusi nazo zikakomaa zote wiki moja na kabla hatujazifikia nusu zishapanda maua na zimekuwa chungu kama dawa. Baada ya hapo miezi miwili hamna kitu, matuta matupu, narudi kununua mboga kama mtu ambaye hana bustani. Udongo ulikuwa mzuri na mbegu zilikuwa nzima, nilichokosea ni kalenda.

Sa hivi kabla sijagusa jembe nakaa na daftari, na sianzi na siku ya kupanda. Najiuliza hili zao likiwa linatoa kile ninachokula, linataka hewa gani, halafu narudi nyuma nahesabu wiki. Nyanya inataka jua na majani makavu wakati wa maua na matunda. Letusi na giligilani zinataka ubaridi, ukizilazimisha kwenye joto kali zinakimbilia kutoa mbegu, tena letusi udongo ukipita kama nyuzi 30 mbegu inagoma hata kuota, unabaki unalaumu aliyekuuzia. Kabichi na karoti nazo ni watu wa ubaridi. Bamia, biringanya na maboga we wape joto tu. Iwe kwako misimu ni mvua na kiangazi au ni baridi na joto, hesabu ni ileile.

Siku za kukumbuka sio nyingi. Figili siku 25 hadi 30, mchicha wiki 3 au 4 unaanza kukata, maharage ya kula mabichi kama siku 50 hadi 60, karoti 70 hadi 80. Vitunguu ni wavumilivu, wiki 6 hadi 8 kitaluni na bado miezi 3 au zaidi shambani. Nyanya inakaa kitaluni wiki 4 hadi 6, ukishahamisha inataka tena siku 60 mpaka 85 kutegemea na aina. Na hapa ndio wengi tunapigwa, zile siku zilizoandikwa kwenye pakiti ya nyanya mara nyingi zinahesabiwa tangu umehamisha mche, sio tangu umesia mbegu, kwa hiyo ukiona 75 we ongeza mwezi mzima na ushee.

Kuhusu eneo lako, mita 5 zinakupa matuta 4 ya upana wa sentimita 90 na njia 3 katikati za sentimita 45, jumla mita 4 na sentimita 95, kama zimekatwa kwa ajili yako. Tisini kwa sababu mkono unafika katikati ya tuta kutoka upande wowote bila kukanyaga ndani, na ukishaacha kukanyaga utaona mwenyewe udongo unavyobaki laini mwaka hadi mwaka. Ila kabla hujachimba kaa siku moja uangalie kivuli cha nyumba kinatembeaje, nyanya, hoho na bamia ziwekee sehemu inayopata jua masaa 6 na kuendelea, penye kivuli cha mchana weka majani majani, letusi ikipata kivuli wakati wa joto inakushukuru.

Matuta manne yana faida nyingine. Moja ni la ukoo wa nyanya (nyanya, biringanya, hoho, pilipili na viazi mviringo wote ni ndugu hao, usidanganywe na sura), la pili maharage na kunde, la tatu kabichi na wenzake, la nne karoti na vitunguu. Msimu ukiisha kila ukoo unahama tuta. Mimi nilidharau hii kitu, nikasema bustani yenyewe kama mkeka, kuhama kuna maana gani, nikapanda nyanya tuta moja misimu mitatu mfululizo kwa vile ndilo lenye jua zuri.

Msimu wa tatu asubuhi moja nakuta mche wenye matunda ya kijani umelala. Majani mabichi kabisa, hayana doa wala unjano, yamenyauka tu kama yamepigwa na maji ya moto. Nikajua kiu, nikamwagilia. Jioni kaubaridi kalipoingia ukainuka kidogo nikafurahi, kesho yake ukalala jumla, na ndani ya wiki ikawa miche 6. Kuna mzee mmoja anajua kilimo akaja kuniangalizia, hakusema mengi, akakata shina karibu na ardhi, akachukua kipande kama urefu wa kidole, akaniambia lete glasi ya maji safi. Akakining'iniza ncha ikiwa ndani ya maji, hatikisi. Tumekaa kama dakika 3 hivi, mara ukaanza kutoka uzi mweupe kama maziwa kwenye ile ncha, unashuka taratibu kama moshi uliogeuzwa kichwa chini. Akasema huo ni mnyauko wa bakteria, hao unaowaona ndio wenyewe wanatoka kwenye mishipa ya mmea. Hauna dawa ya kunyunyiza, wanakaa kwenye udongo miaka, na wanahama na maji, na jembe, hata na viatu. Niling'oa yote na udongo wa mizizini, sikuitupa kwenye mboji, nikaosha jembe na sabuni. Mpaka leo lile tuta ni la karoti na maharage tu, nyanya nazipanda mwisho mwingine kabisa wa bustani ambako maji ya lile tuta hayatiririkii. Wewe eneo lako ni jipya, bado una nafasi, usianze vibaya.

Tuje kiangazi, maana mvua kila mtu ni mkulima. Mboga inataka kama lita 25 za maji kwa kila mita mraba kwa wiki. Sasa piga hesabu, tuta lako moja la sentimita 90 kwa mita 4 ni mita mraba 3.6, hiyo ni lita 90 kwa wiki, yaani ndoo 4 na nusu za lita 20. Matuta yote manne ni ndoo 18 kila wiki! Usimuulize mtu mwingine, jiulize we mwenyewe kama utazibeba wiki ya 9 ukiwa umechoka na kazi. Mi nilijiuliza nikajikuta napunguza, kiangazi nalima matuta mawili tu, mengine mawili nayalaza na matandazo mazito ya majani makavu na mbolea chini yake, mvua zikija udongo umeiva. Hata hayo mawili yanayolimwa nayafunika nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 8, nikiacha nafasi kidogo kuzunguka shina lisioze, maji yanakaa muda mrefu ajabu. Kujua kama ni siku ya kumwagilia chomeka kidole mpaka kiungo cha pili, kukikuta unyevu acha, ukavu mwagilia asubuhi tena mwagilia haswa, sio kunyunyizia juu juu kila jioni kama unabatiza, mizizi inabaki juu juu jua likija inaungua.

Na kama umewahi kuona nyanya inaoza kitako, inakuwa na doa jeusi lililobonyea upande wa chini, wengi wanakimbilia dawa ya ukungu. Ule sio ukungu. Tunda limekosa kalsiamu kwa vile maji yanakuja kwa kukurupuka, leo mafuriko kesho jangwa, na kalsiamu inasafiri na maji. Weka maji sawasawa na matandazo, matunda yanayofuata yanakuja safi.

Msimu wa mvua kazi inageuka. Inua matuta sentimita 15 au 20 maji yasisimame, palilia magugu yakiwa bado madogo, na miche ikiota imebanana ipunguze hata kama roho inauma. Karoti hasa, ziache umbali wa kama sentimita 5, usipopunguza utavuna nyuzi. Ukiamka unakuta miche imekatwa chini kama kwa wembe, hao ni sota, viwavi wanaokula usiku mchana wamejifukia hapohapo, fukua kidogo kuzunguka mche utamkuta kajikunja, na miche iliyobaki ivalishe kola ya boksi, sentimita chache ndani ya udongo na chache juu. Vidukari nawaponda na vidole tu au maji yenye sabuni kidogo, sina maneno mengi kwao. Mbolea pia sina mengi, samadi iwe imeoza, mbichi inaunguza miche na karoti zinatoka na miguu miwili.

Kitu kilichonipa mboga za mfululizo kuliko vyote ni kusia kidogo kidogo. Mchicha, letusi, figili, kila baada ya wiki 2 mstari mmoja wa mita moja, basi, pakiti inafungwa inarudi kabatini sehemu kavu. Mbegu za vitunguu tu ndio usizilaze, zikipita mwaka nyingi hazioti. Mbegu ya zamani ukiitilia shaka zungushia punje 10 kwenye kitambaa kibichi uone zinaota ngapi kabla hujapoteza wiki tatu kuangalia udongo mtupu.

Daftari langu lenyewe halina ufundi, mistari tu kama "figili mstari wa 2, mvua kubwa siku ya pili, zimezolewa, rudia", au "letusi kivulini imechelewa kuchanua wiki 2 kuliko ya juani". Huo wa pili ndio ulionihamishia letusi zote kivulini, kichwani nisingekumbuka.

Haya, nyanya zako. Mvua zinaanza wiki ya 4 kutoka leo, tuseme zinadumu wiki 12, kwa hiyo zinakata kwenye wiki ya 16. Ukisia leo utahamisha wiki ya 5, maua yanakuja wiki ya 9 au 10 mvua zimekolea, majani hayakauki, kukiwa na kaubaridi ndio chakula cha bakajani chelewa, ule ugonjwa unaoozesha majani na shina la nyanya, siku chache tu mmea wote umekuwa mweusi. Subiri. Sia wiki ya 6 kwenye kitalu chenye paa la nailoni, zoesha miche jua siku 7 hadi 10 za mwisho, hamisha wiki ya 11 ardhi ikiwa bado na maji, maua yanakutana na mvua zinaishia, na unaanza kuchuma wiki ya 20 hadi 23 kwenye jua, kwa ndoo zako 4 na nusu za wiki. Hilo tuta lisikae bure mpaka wiki ya 11, sia mchicha leo mistari miwili na figili pembeni, ukikata mchicha wa kwanza rudia mwingine, mpaka miche inafika wa pili umeshaliwa.