Namba ya pambizoni: barua kwa mwanangu aliye Nakuru

Kisumu, Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Mama yako anakusalimu na anauliza kama lile sweta la baridi ya Nakuru lilikutosha. Ujumbe wako niliusoma asubuhi, lakini Jumapili Kibuye hakukaliki, watu wanamiminika sokoni tangu alfajiri, basi nikangoja mpaka nifunge karakana yangu ya fremu. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu jambo lenyewe haliingii kwenye simu.

Unasema umeona picha mbili zinauzwa, na zote umezipenda. Ya kwanza ni flamingo wa ziwani, chapa ya lino (lile zulia laini la sakafuni, linalochongwa kama muhuri) ya rangi nne kwenye karatasi, chini imeandikwa 7/30 kwa penseli pamoja na sahihi, haina fremu, shilingi 28,000. Ya pili ni mashua za Dunga, ufuko wetu wa hapa Kisumu, iko kwenye kanvasi ndani ya fremu ya dhahabu, imeandikwa 41/500, shilingi 35,000, na muuzaji anaiita giklee. Amekwambia zote mbili ni toleo lenye idadi maalumu na bei itapanda tu. Unaniuliza: kitu kilichochapwa mara 30 au mara 500 kina tofauti gani na picha ya kalenda, na je, ni busara kuweka akiba yako humo?

Nianze na flamingo. Hiyo si nakala ya picha nyingine. Hakuna mchoro wa flamingo hao uliofichwa nyumbani kwa msanii, nawe unauziwa kivuli chake. Msanii alichukua kipande cha lino, akakichonga kinyume, kushoto kuwe kulia, akapaka wino kwa rola, akalaza karatasi juu, akakandamiza. Picha ilizaliwa pale karatasi ilipobanduliwa. Lino si picha, kama vile kinu si unga. Zile karatasi 30 ni ndugu wa tumbo moja, na kila moja ni kazi halisi ya mkono wake.

Kuna jambo zaidi, na natamani urudi ukamuulize msanii au muuzaji: je, rangi zote nne zilitoka kwenye kipande kimoja cha lino? Katika njia hiyo msanii huanza na rangi nyepesi kabisa, tuseme waridi hafifu, akaichapa kwenye karatasi zote alizonuia. Kisha anairudia lino ileile, anachonga na kuondoa kila mahali anapotaka waridi ule ubaki, anapaka rangi ya pili, anachapa juu ya ile ya kwanza. Hivyo hivyo mpaka rangi ya mwisho. Kila hatua inaila lino. Akifika rangi ya nne, lino ya rangi ya kwanza haipo tena duniani. Hawezi kuamka mwakani, hata aahidiwe milioni, akatoa karatasi ya 31. Picasso, yule mchoraji mashuhuri wa Hispania, aliipenda sana njia hii alipokuwa kusini mwa Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1950. Anayeifuata huanza na karatasi nyingi kuliko atakazouza, kwa sababu kwenye baadhi yake rangi itahama njiani na atazitupa. Basi hiyo 30 unayoisoma huenda ndiyo idadi ya zilizonusurika.

Sasa mashua za Dunga. Hapo upo mchoro wa rangi za mafuta, uko mahali pengine. Ulipigwa picha, picha ikaingia kwenye kompyuta, na printa kubwa ikairushia kanvasi matone madogo sana ya wino. Jina giklee lilibuniwa 1991 na Jack Duganne, mpiga chapa wa Marekani, kutokana na neno la Kifaransa la kunyunyiza, kwa kuwa alitaka jina litakalosikika vizuri kuliko printa ya ofisini. Simdharau. Wino mzuri wa aina hiyo, kwenye karatasi nzuri, hudumu kuliko ule wa mabango ya dukani. Lakini mashine haichoki, na faili haliliki kama lino. Kwa nini ziwe 500 na si 5,000? Kwa sababu mtu alisema 500. Ukomo wa flamingo umo ndani ya lino. Ukomo wa mashua umo kinywani mwa mtu. Kabla ya kutoa pesa, usitosheke na kuisoma namba. Uliza ni kitu gani kilichoizuia isiwe kubwa zaidi, na kama ni ahadi ya mtu, uliza huyo mtu ni nani.

Zamani hata hizo namba hazikuwepo. Wewe unaishi karibu na vifaru, basi nikupe mfano wa kifaru. Mwaka 1515 Albrecht Dürer, Mjerumani wa Nuremberg, alichora kifaru kwa ajili ya chapa ya ubao bila kumwona mnyama mwenyewe hata mara moja. Alichokuwa nacho ni maelezo na mchoro wa haraka wa kifaru wa India aliyeshushwa Lisbon mwaka huohuo. Ndiyo maana kifaru wake anaonekana amevaa deraya ya chuma, na ana kipembe cha ziada juu ya mabega. Watu waliipenda picha, ikachapwa na kuchapwa. Dürer alikufa 1528, ubao ukaendelea kufanya kazi mikononi mwa wengine, ukachoka, ukaanza kupasuka, na kwenye chapa za baadaye unauona ufa umekatiza miguu ya kifaru. Wakusanyaji wanazitafuta zile za mapema kwa sababu mistari yake bado ni mikali. Macho yao ndiyo yanayohesabu. Zoea la kutia sahihi kwa penseli pambizoni lilienea mwishoni mwa karne ya 19, na namba zikafuata.

Sahihi nayo peke yake haitoshi. Mwaka 1974 maofisa wa forodha wa Ufaransa walisimamisha lori lililokuwa likielekea Andorra, wakakuta karatasi 40,000 hivi, tupu, kila moja ina sahihi ya Salvador Dalí, mchoraji mashuhuri wa Hispania. Sahihi imetangulia picha! Tangu hapo chapa zake zimezungukwa na mashaka, na anayeumia ni mnunuzi wa mwisho, mtu kama wewe aliyetoa jasho la mshahara wake. Linanikasirisha mpaka leo.

Lakini sitaki uzidharau nakala. Unaikumbuka Karamu ya Mwisho iliyokuwa sebuleni kwa nyanya yako Butere, ile yenye kioo kilichopasuka pembeni? Ilikuwa karatasi ya dukani. Chini yake tulisali kila jioni, na jeneza la babu yako liliwekwa chini yake kabla ya kutolewa uani. Picha yenyewe Leonardo da Vinci aliichora ukutani kule Milan, Italia, kati ya 1495 na 1498, na kwa kuwa alipaka juu ya lipu iliyokwisha kukauka, rangi ilianza kubanduka baada ya miaka michache tu. Mwaka 1652 mlango ukakatwa kwenye ukuta huo, miguu ya Yesu ikaenda nao. Leo tunajua miguu ilikaaje kwa sababu watu wa karibu na Leonardo walikwisha kuinakili picha mapema, na mafundi walioikarabati kuanzia 1978 hadi 1999 walizitazama nakala hizo. Nakala zilitunza kile ambacho ukuta ulipoteza. Kwa hiyo ukizipenda mashua za Dunga, zinunue, lakini uliza kama ipo nakala isiyo na namba, ya bei ndogo, maana mashua ni zilezile na machweo ni yaleyale. Pesa ya ziada unayoombwa ni ya hiyo 41/500 na ya fremu, na fremu nimeikuza kwenye picha uliyonitumia: ni plastiki iliyopakwa rangi.

Ukirudi pale beba kioo cha kukuzia. Kwenye picha ya kalenda utaona nukta za rangi nne zimejipanga kama vijiua. Kwenye giklee utaona kama vumbi la matone yasiyo na mpango. Kwenye lino rangi imelala bapa, na ukingoni wino umejikusanya kama mkingo mwembamba, kwa sababu ulisukumwa na ule mkandamizo. Inamisha karatasi kwenye mwanga: penseli ya kweli hung'aa kijivu. Usihangaike kwamba ni ya 7. Si bora kuliko ya 29, kwa kuwa mara nyingi namba huandikwa kazi yote ikishakauka, bila kufuata ipi ilitangulia. Uliza pia nakala za msanii mwenyewe ni ngapi, zile zinazoandikwa A.P. badala ya namba. Kwa desturi hazizidi sehemu moja ya kumi ya toleo. Na kwa giklee uliza kama picha hiyohiyo imetolewa kwa ukubwa mwingine. Wapo wanaotangaza 500 za sentimita 60, halafu wakatoa 500 nyingine za sentimita 40, na kila toleo wanaliapia.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kukueleza. Kile kipande cha karatasi kilichobandikwa juu ya meza yangu ya kukatia umekiona tangu utotoni. Ulikuwa hujazaliwa. Mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa Siaya, aliniletea chapa aliyoinunua alipokuwa masomoni ng'ambo: mji wenye madaraja, mchoro wa bamba la shaba lililoliwa na asidi. Nilikuwa fundi wa miaka miwili, nina haraka, na nina fremu moja nzuri iliyokataliwa na mteja mwingine. Karatasi ilikuwa ndefu kuliko fremu kwa vidole viwili. Nikakata pambizo ya chini. Kisha nikaipaka gundi ya mbao mgongo mzima, nikaibandika kwenye hadibodi ili isijikunje, nikaona nimefanya kazi safi. Mzee alipokuja aliitazama kwa muda, akainama, akaniuliza polepole, "Maandishi yake yako wapi?"

Nilipiga magoti kwenye maranda ya mbao nikatafuta. Nilikipata kipande: 14/60, na nusu ya sahihi. Hakunigombeza. Alinilipa, akaniachia kile kipande, akasema nikiweke mahali nitakapokiona kila siku. Baada ya miaka michache nilifika kwake nikaikuta picha ukutani. Asidi ya hadibodi ilikuwa imepenya, karatasi imekuwa rangi ya chai ya rangi, yenye madoa. Nilimwomba niitengeneze bure, nikakaa nayo wiki nzima. Haikubanduka. Yule mzee alikwisha kutangulia mbele ya haki, na bado namwomba radhi kila ninapochukua kisu.

Ndiyo maana sitaki flamingo huyo aguswe na fundi wa haraka. Niletee mimi. Nitamwekea kadi ya pamba isiyo na asidi, mbele na nyuma, na dirisha la kadi litaachwa pana ili namba na sahihi vionekane. Karatasi itaning'inia kwa bawaba mbili ndogo za karatasi ya Kijapani, upande wa juu tu, kwa gundi ya wanga wa ngano ninayoipika mwenyewe, ambayo fundi wa kesho akitaka kuiondoa atailainisha kwa maji kidogo. Selotepu haitaingia humo. Doa lake huwa halitoki. Kioo hakitaigusa karatasi, maana unyevu ukijikusanya kwenye kioo, ukungu huanzia hapo hapo. Hapa ziwani nimeyaona hayo mara nyingi mno. Pembe za chini nyuma ya fremu nitabandika vipande vya kizibo ili hewa ipite ukutani wakati wa masika. Wewe kwa upande wako usiitundike mkabala na dirisha la magharibi. Jua hula rangi, na flamingo ni waridi tupu.

Kuhusu akiba, jibu langu ni hapana. Pesa ya akiba ipeleke sacco. Picha ukitaka kuiuza wiki ambayo mtu anadaiwa kodi, unaweza kuzunguka nayo mji mzima. Tena tangu sheria yetu ya hakimiliki irekebishwe 2019, kazi ya msanii ikiuzwa tena kibiashara, yeye anastahili asilimia 5 ya bei ya mauzo. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, ila muuzaji wako hakukutajia. Na ukinunua karatasi hununui haki ya kuichapa kwenye fulana wala kadi. Hiyo ni ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake.

Kama flamingo wamekuingia moyoni, wachukue. Shilingi 28,000 ni nyingi kwa mtu aliyeanza kazi juzi, basi mwombe msanii alipwe kwa awamu mbili, usione haya. Ukiipata, usiikunje wala usiizungushie gazeti. Ilaze kati ya kadi mbili bapa, karatasi nyeupe safi juu yake, na uje nayo mwenyewe mapajani, usimkabidhi makanga. Mbao nimeshachagua, mvule niliouhifadhi tangu mwaka juzi. Ila kabla sijakata chochote nitumie vipimo kwa sentimita. Pima karatasi nzima mpaka ukingoni, na pambizo ya chini uipime peke yake.

Baba yako