Usiende studio Jumamosi: imba kwanza, gitaa baadaye

Ahirisha hiyo studio ya Jumamosi. Piga simu leo, usingoje kesho.

Nimesoma swali lako mara mbili, mdogo wangu wa Kisauni, Mombasa. Wasema Jumamosi waenda studio kurekodi wimbo wako, unapiga gitaa mwaka wa pili sasa, umezipata kordi (noti kadhaa zikipigwa pamoja) za G, D, Em na C zikizunguka bila kukwama, ukabadilisha kordi kila mapigo mawili, kisha ukatia maneno juu yake. Umeuliza uucharaze vipi wimbo, ununue nyuzi gani, haki zako uziandikishe wapi, na mwisho kabisa, kama jambo dogo, kwa nini kiitikio "hakikai" ukikiimba. Hilo la mwisho ndilo swali. Nyumba haijapigwa msingi nawe washauliza rangi ya madirisha.

Kosa hilo nalijua bei yake: wimbo mmoja, studio mara tatu. Na aliyenitia humo ni mwalimu wa gitaa niliyekuwa nikimlipa kila mwezi, neno lake kila siku ni lile lile, "Tafuta kordi kwanza, maneno yatakuja yenyewe." Yalikuja, lakini yalikuja yamevunjika shingo. Hasira yangu haijaisha, maana ni mtu wa hapa hapa pwani, Kiswahili alikinyonya, lakini alifundisha kwa video za watu ambao lugha yao haikanyagi pale inapokanyaga yetu, na hakuwahi hata siku moja kulisema hilo.

Sikiza basi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. MO-yo. Ongeza kitu, mkazo wahama: mo-YO-ni. PE-nda, pe-NDA-na, na-ku-PE-nda. Na silabi hiyo si nzito tu, huwa pia ndefu kidogo kuliko jirani zake. Maneno machache hukaidi, kama lazima, ambayo wengi wetu huku twaikaza LA, lakini kanuni ndiyo hiyo. Kwa hiyo karibu kila mstari wetu waishia nzito-kisha-nyepesi. Kiingereza hakina mpaka huo, mkazo huweza kuwa popote, na mistari yao mingi huishia kwa silabi moja nzito. Mahadhi yao basi hutua kwa noti moja ndefu juu ya pigo zito, na kwao yakaa vizuri. Ukiyachukua mahadhi ya namna hiyo ukayavisha Kiswahili, silabi ya mwisho, ambayo ndiyo nyepesi, yapewa mzigo wote. Ndiyo maana kwenye maneno yako umeandika "feriiii". Hakuna mtu aliyewahi kusimama kwenye kivuko cha Likoni akasema fe-RI.

Sasa tuhesabu. Pigo la nne kwa nne, yaani mapigo manne kisha warudia, ni 1-na-2-na-3-na-4-na. Pigo la 1 ndilo zito kuliko yote, la 3 lafuata, la 2 na la 4 ni mepesi, na hizo "na" ni nyepesi zaidi. Kiitikio chako ni hiki:

Nimengoja kwenye feri
Nimepita barabara
Mtu wangu yuko wapi

Kila mstari mizani 8, yaani silabi nane, na maneno ni mazuri, sikwambii uyabadilishe. Tatizo ni kwamba waanza kuimba pale pale G inapopigwa. Kwa hiyo "ni" yaangukia 1, "me" kwenye na, NGO kwenye 2, "ja" kwenye na, KWE kwenye 3, "nye" kwenye na, FE kwenye 4, "ri" kwenye na, kisha wairefusha hiyo "ri" hadi kordi ya mstari unaofuata. Tazama ulichokifanya. Pigo zito na kordi mpya umempa "ni", ambayo ni kiambishi tu. La 3 pamoja na kordi ya pili umempa "kwenye". Ngoja na feri, yaani wimbo wenyewe, umezisukuma kwenye mapigo mepesi. Msikilizaji asikia "NIme... KWEnye... RIII" na hajui mtu huyu alikuwa akifanya nini wala wapi.

Dawa yake: anza kabla ya pigo. "Ni" na "me" ziimbe kwenye 4 na "na" yake, kabla kordi haijaingia. Kisha NGO kwenye 1, "ja" kwenye na, KWE kwenye 2, "nye" kwenye na, FE kwenye 3, "ri" ifuate kwenye "na" yake, ishuke na kunyamaza. Likitaka kurefushwa neno, refusha FE. Sema kwa mdomo sasa hivi huku ukipiga goti. Umesikia? Hakuna kordi iliyobadilika, lakini maneno yamesimama wima.

Mstari wa pili ndio ulionifanya niandike haya yote. Umeandika "nimepiiita barabara", yaani PI umeipa pigo zima. Hesabu: "ni" 1, "me" na, PI kwenye 2 pamoja na "na" yake, "ta" 3, "ba" na, halafu RA ya kwanza yatua kwenye 4, "ba" ya pili yaangukia katikati ya mapigo. Umeimba ba-RA-ba-ra. Hiyo si njia ya magari tena! Barabara ya kupita gari hukazwa ba-ra-BA-ra. Ukikaza ba-RA-ba-ra umesema sawasawa, ipasavyo. Kwa noti moja uliyoirefusha, mtu aliyekuwa akitafuta mpenzi njiani amekuwa mtu aliyefaulu mtihani vizuri kabisa. Na hili hutalisikia wewe mwenyewe, kwa sababu wajua ulichokusudia. Mpe mtu asiyeyaona maneno, mwimbie mara moja, mwambie aandike alichosikia. Akiandika tofauti, mahadhi ndiyo yenye kosa. Hapa dawa ni ile ile: "ni-me" kabla ya pigo, PI kwenye 1 kwa nusu pigo tu, "ta" kwenye na, "ba-ra" zijaze pigo la 2, BA kwenye 3.

Mstari wa tatu una mtego mwingine. "Mtu" ni silabi mbili, m-tu, na mkazo uko kwenye hiyo M. Waanza na M kwenye pigo la 1, mdomo umefungwa, hapo hapo sauti inapotakiwa kufunguka. Jaribu kuirefusha uone, utanguruma. Bahati yako mahadhi yaliyorekebishwa yalitatua hilo pia: "m-tu" yapita kabla ya pigo, WA ya "wangu" yakaa kwenye 1, YU kwenye 2, WA ya "wapi" kwenye 3. Mahali pengine huna bahati hiyo, ubadilishe neno. "Nchi" ni n-chi, mkazo kwenye N. Ukiweza kusema "nchini", mkazo wahamia CHI na tatizo limekwisha. "Watu" haina tabu hiyo, "binadamu" vilevile. Na noti yako ya juu kabisa itafutie a, e au o. Irabu i na u zabana koo huko juu.

Sasa mtaalamu wa mashairi atasema mizani imetimia, basi wimbo umetimia. Hapana. Mizani huhesabu silabi, haikwambii mkazo uko wapi. Ubeti wako wa pili waanza "Mawimbi yananicheka". Mizani 8, kamili. Lakini mkazo uko ma-WI-mbi, silabi ya pili, na mahadhi yako yataka uwe kwenye ya tatu. Ukiimba kwa mahadhi yale yale, "mbi" ndiyo itakayotua kwenye 1: mawi-MBI. Iandike "Mawimbi yanicheka", mizani 7, uanze na "ma" peke yake kwenye "na" ya mwisho. WI kwenye 1, "mbi" na, "ya-ni" kwenye 2, CHE kwenye 3. Saba imekaa, nane imekataa. Kwa wimbo wa gitaa, silabi nyepesi kabla ya pigo la 1 waweza kuongeza au kupunguza upendavyo. Zenye mkazo kwenye 1 na 3 ndizo zisizohama kutoka ubeti hadi ubeti.

Kwa hivyo kanuni ni moja, na nitairudia hadi mnichoke: MDOMO KWANZA, GITAA BAADAYE. Gitaa liweke chumbani, ufunge mlango. Nenda pale Mama Ngina baharini jioni, tembea ufukweni, hatua zako ziwe mapigo. Sema mstari kama unavyomwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, si kama unavyosoma. Sauti yako yenyewe itapanda na kushuka. Zidisha kupanda huko, refusha silabi zenye mkazo, na hayo ndiyo mahadhi yako ya kwanza. Rekodi kwa simu, mara tano, kila mara tofauti. Usizisikize usiku huo. Kesho yake, kabla hujafungua simu, imba unayoyakumbuka. Yaliyokumbukwa ndiyo yaliyobaki.

Na ukiona pigo la nne kwa nne labana maneno, jaribu mwendo wa chakacha, ngoma yetu ya pwani, sita kwa nane, yaani wahesabu 1 hadi 6, uzito kwenye 1 na 4: NGO yachukua 1-2, "ja" 3, KWE 4-5, "nye" 6, FE 1-2, "ri" 3. Ndefu-fupi, ndefu-fupi. Ni mwendo wa Kiswahili chenyewe, kwani silabi yetu ya mkazo yapenda kuvutwa. Sijui kwa nini vijana wauacha wakakimbilia nne kwa nne peke yake ilhali wamezaliwa nao.

Ukianza na kordi nini hutokea? Sikio lajaa mlio wa gitaa, sauti yafuata noti ya chini ya kila kordi, na unajikuta wazunguka noti tatu wimbo mzima. Mduara wa kordi nne huufanya kila mstari uwe na urefu mmoja, ubeti na kiitikio vyafanana. Jipime: imba ubeti na kiitikio kwa makofi tu. Asiyeujua wimbo akishindwa kusema kiitikio kimeanza wapi, kiitikio hakipo, hata ukicharaza kwa nguvu gani.

Mahadhi yakishasimama, ndipo ulichukue gitaa, na kazi yake ya kwanza ni kutafuta kii, yaani kimo cha wimbo, si kordi. Imba kiitikio kwa nguvu zote mara tatu mfululizo, jioni, wala si asubuhi sauti ikiwa bado nzito. Noti ya juu ikikukwaruza mara ya tatu, shusha wimbo mzima. Kisha itafute kwenye nyuzi ile noti ambayo wimbo ukitua hapo wahisi umefika nyumbani. Ni G, uzi wa tatu mtupu? Basi kii yako ni G. Ni A? Tia kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya 2 (freti ni vile vyuma vya shingo ya gitaa), upige maumbo yale yale ya vidole ya G. Kila freti ni nusu toni, hatua ndogo kabisa ya sauti kwenye gitaa. Kapo hupandisha tu. Wataka kushuka kutoka G hadi E, badilisha maumbo: piga ya C na kapo freti ya 4, au ya D na kapo freti ya 2.

Hapa ndipo pesa zangu zilipopotelea. Prodyuza huanza na biti na gitaa, sauti huingia mwisho. Ukifika na kordi tu, kii na kasi vyachaguliwa na vidole vyako. Saa ya nne ya kulipia ndipo wagundua noti ya juu huifikii, na gitaa lililorekodiwa ukilihamisha nusu toni tatu kwa kompyuta, sauti yake yaharibika, kwa hivyo larekodiwa upya. Kasi nayo itoe mdomoni: imba bila chombo, piga makofi, hesabu makofi ya sekunde 15, zidisha kwa 4. Makofi 23 ni 92 kwa dakika. Namba hiyo ndiyo utakayompa prodyuza.

Kordi sasa zaja zenyewe, kwa sababu noti ya mdomo ndiyo inayoziita. Katika kii ya G, noti ya B yaweza kubebwa na G, Em au Bm. A yabebwa na D au Am. C yabebwa na C au Am. D yabebwa na G, D au Bm. E yabebwa na C, Am au Em. Tazama noti iliyo kwenye silabi za mkazo tu, hizo nyepesi ziache zipite. Kaa kwenye G mstari mzima kama hakuna noti inayokufukuza, na ukibadilisha, badilisha kwenye silabi yenye neno, si kwenye "ni". Kwenye WA ya "wapi" jaribu Em badala ya G, kama noti yako hapo ni B: swali lile lile lageuka kilio. Mabingwa wa jazi msinirukie na kordi zenu za vidole vitano, kijana aanze na hizi.

Haya, piga simu uiahirishe. Halafu andika hapa chini beti zako zote mbili, silabi za mkazo kwa herufi kubwa kama nilivyofanya, na urekodi ukiimba kwa makofi, bila gitaa. Nitazipitia mstari kwa mstari.