Chifu, shefu na mkuu: watoto wa kichwa kimoja

Swali: Katika barua ya ofisi nimekuta cheo "Chifu Mhasibu". Nilipouliza, nikaambiwa chifu na shefu ni neno moja la Kiingereza, chief. Je, ni kweli? Na chief tuitafsirije?

Jibu: Undugu upo, ila hazikupita njia moja. Asili yao ni caput, neno la Kilatini lenye maana ya kichwa. Katika Kifaransa cha kale likawa chief, nalo likaingia katika Kiingereza baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa waliosema Kifaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066. Zama hizo Wafaransa waliitamka ch kama tunavyoitamka katika chai, na Waingereza wakaishika hivyohivyo. Baadaye Wafaransa wenyewe wakailainisha ikawa sh. Waingereza walipoazima tena neno lilelile katika karne ya 19, safari hii kutoka chef de cuisine, yaani mkuu wa jikoni, walilipokea na sauti mpya. Ndipo nasi tukapata chifu wa barazani na shefu wa hotelini. Kongo, walikolipata kwa Wabelgiji, shefu ni kiongozi: ukimtaja shefu wa kijiji kule Lubumbashi, hakuna atakayefikiria sufuria.

Maana ya kichwa imejificha hata ndani ya handkerchief, leso. Kerchief ni couvrechef ya Kifaransa, "kifunika kichwa". Kwa hiyo leso ya Mwingereza, neno kwa neno, ni kifunika kichwa cha mkononi.

Sasa tafsiri. Katika Kiswahili sanifu, chifu ni cheo cha utawala wa wenyeji, basi. Chief ikitangulia cheo kingine ina maana ya "wa juu kabisa", na kazi hiyo tunayo -kuu: Mhasibu Mkuu, Jaji Mkuu, Mhariri Mkuu. "Chifu Mhasibu" ni kosa mara mbili, maana hata mpangilio wa maneno ni wa Kiingereza. Kwetu sifa hufuata jina. Lakini msibandike mkuu kila mahali bila kutazama. Chief guest ni mgeni rasmi. Chief Secretary wa Tanzania ni Katibu Mkuu Kiongozi, kwa sababu Katibu Mkuu peke yake ni mtendaji wa wizara, na wizara ziko nyingi. Anayeandika "Katibu Mkuu" hapo amemshusha mtu cheo.

Katika historia nawasihi waandishi wawe waangalifu zaidi. Waingereza walipotawala Tanganyika kwa kupitia viongozi wa jadi, Mangi wa Wachaga, Mtemi wa Wanyamwezi, Zumbe wa Wasambaa na Mtwa wa Wahehe wote waliandikwa chief. Kila jina lina uzito wake. Mtemi, kwa mfano, huhusishwa na kitenzi kutema, kukata: aliyefyeka pori watu wakae, au anayekata mashauri. Ukisema "Chifu Mirambo" yote hayo yamepotea. Sema Mtemi Mirambo, Mangi Meli, Mtwa Mkwawa. Tena mtemi hutawazwa, hali chifu wa Kenya ya leo huajiriwa: ni mtumishi wa serikali anayesimamia kata, na naibu wake husimamia kata ndogo. Tanganyika iliondoa mamlaka ya machifu mwaka 1963, kwa hiyo msomaji wa Moshi na wa Machakos wakisoma "chifu" hawaoni mtu yuleyule.

Kuhusu sarufi, wingi ni machifu, ila upatanisho ni wa viumbe hai: chifu amefika, machifu wamefika, chifu wetu, machifu wetu. "Machifu yetu yamefika" husikika, lakini msiiandike. Cheo chenyewe ni uchifu.