Pampu ya maji na gasketi yake

Ndugu, umeuliza kama unaweza kubadilisha pampu ya maji ya gari mwenyewe hapo nyumbani Malindi, na kama gasketi, ile pedi nyembamba ya kuziba kati ya pampu na injini, ipakwe silikoni. Unaweza, mradi pampu yako inazungushwa na mkanda wa nje. Ikiwa inazungushwa na mkanda wa taimingi, ule wa ndani unaopatanisha valvu na pistoni, mwite fundi. Alama za mkanda huo zikikosewa, kwenye injini nyingi valvu hugonga pistoni.

Injini ipoe kabisa ndipo umwage maji. Kazi yenyewe hasa iko kwenye kukwangua: gasketi ya karatasi hung'ang'ania, na aluminiamu ikichunwa na bisibisi, papo hapo ndipo patakapovuja. Tumia kikwangulio cha plastiki, kwa subira, hadi ukipitisha kidole usihisi kitu. Silikoni, kama kitabu cha gari kinaitaka, iwe utando mwembamba tu. Ikizidi humeguka ndani na kuziba rejeta. Bolti zikaze kwa kupishana, kidogo kidogo.

Halafu nakusihi, usijaze maji ya kisima. Visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi, nayo huila pampu mpya. Changanya kulanti (dawa ya kupoza injini) na maji yasiyo na madini, nusu kwa nusu, fungulia hita, injini ingurume hadi mapovu yaishe.