Bahili mnyimeni hiyo “m”

SWALI: Mume wangu akisikia hodi hukimbilia jikoni kufunika chungu. Juzi nikamwita mbahili. Akajitetea: “Mimi si mbahili, ni mchoyo tu.” Je, kuna tofauti? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ipo, na mumeo kajihukumu mwenyewe. Mchoyo hula, asilotaka ni wewe kula naye. Bahili hali yeye wala hakupi wewe: viatu vimetoboka, noti zimelala chini ya godoro. Anayefunika chungu ana choyo, basi. “Mkono wa birika” huwafaa wote wawili, maana umejikunja kiunoni na haunyooki kumpa mtu.

Sasa nitoe lililonikaa kooni. Dada, hiyo “m” umeiokota wapi? Neno ni bahili, wakiwa wengi mabahili. Asili yake ni Kiarabu, bakhili, na kwao halina “m” mwanzoni. Msafiri alikuja nayo (kwao ni musafir), mnafiki vilevile. Bahili alishuka jahazini mikono mitupu.

Najua utetezi: kama uchoyo una mchoyo, basi ubahili una mbahili. Haya, urafiki nao utuzalie mrafiki, utajiri mtajiri, ujahili mjahili. “Jana mrafiki wangu mtajiri aligombana na mjahili mmoja sokoni.” Unacheka? Ndivyo ninavyosikia mimi kila mtu anaposema mbahili, ila mimi sicheki. Na kosa hili lina watoto. Nyuma ya daladala moja nimesoma, kwa herufi kubwa nyekundu: WABAHILI TEMBEENI KWA MIGUU. Wabahili! Nilikuwa na nauli mkononi, kondakta ananiita “mzee, panda, nafasi ipo.” Sikupanda. Nilitembea hadi nyumbani, si kwa ubahili, kwa hasira. Mke wangu aliniuliza kama nimeibiwa, nikamweleza, akasema bora ningeibiwa.

Mjuaji atadakia: mbona mkarimu? Kiarabu chake ni karimu tu, na “m” tumempa sisi. Hapo nimeshikwa. Mkarimu kazoeleka, na mimi mwenyewe namwita hivyo bila kuona haya. Basi mkarimu mpeni. Bahili mnyimeni, naye auonje.