Mvua ya kwanza si ya kupandia

SWALI: Ndugu mhariri, redio ilisema vuli ingewahi. Mwezi wa kumi ikanyesha siku mbili, nikapanda mahindi na maharage. Likafuata jua la wiki mbili, mbegu zikafia ardhini. Nifuate nini msimu ujao? Msomaji, Manyovu, Kigoma.

JIBU: Pole sana. Kwanza, huenda utabiri ule haukuwa wenu. Taarifa ya vuli ya Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ni ya Oktoba hadi Desemba, kwa maeneo yenye misimu miwili ya mvua. Tabora na sehemu kubwa ya Kigoma zina taarifa yake, ya mvua za msimu, Novemba hadi Aprili. Wilaya za kaskazini mwa mkoa huweza kuwekwa kwenye vuli, kwa hiyo tafuta jina la wilaya yako.

Mvua za Oktoba huko milimani mara nyingi ni za mawingu ya radi: joto la mchana na upepo unaopanda mlima. Kilima hiki kinalowa, ng'ambo ya bonde ni vumbi tupu. Ukanda wa mvua unaoshuka kusini na jua bado haujatulia.

Pima mwenyewe. Chukua kopo lenye pande zilizonyooka na kitako bapa, ukingo uwe sentimita 30 kutoka ardhini, mbali na mgomba au nyumba mara mbili ya kimo chake. Soma kina cha maji kwa rula kila siku saa tatu asubuhi, kisha mwaga. Angalia rula yako: nyingi zina kipande kabla ya sifuri, nacho kinakupunja milimita kadhaa. Chupa ya maji iliyokatwa ina kitako chenye mabonde, haifai.

Subiri milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu, halafu chimba. Unyevu ukifika sentimita 15, panda. Kwenye mteremko kopo linaweza kusoma 25 na udongo ukawa mkavu, maana maji yamekimbilia bondeni. Jembe ndilo la kuamini. Na usimalize mbegu zote siku moja.

SWALI: Mbona Juni huku milimani kuna baridi, Ujiji joto?

JIBU: Ujiji iko kando ya Ziwa Tanganyika, nalo liko kama mita 770 juu ya bahari, na kila mita 1,000 unazopanda hupunguza takriban nyuzi 6. Ziwa nalo hutunza joto usiku. Hewa baridi hutuama mabondeni, kwa hiyo kitalu cha nyanya kiweke mteremkoni.