Kwa mnaoanza kufinyanga ala za muziki kwa seladoni ya Korea

Wanafunzi wengi wa seladoni ya Korea, yaani cheongja, ule ufinyanzi wa glezi ya kijani (upako unaoyeyuka motoni ukawa kama kioo), hukimbilia gayageum, ile ala ndefu ya nyuzi 12, kwa kuwa inapendeza machoni. Liacheni hilo kwanza. Gayageum ni mti na hariri; ukiifinyanga utapata pambo la kabati, basi.

Wakorea tangu kale huzigawa ala zao kwa kile kilichoziumba: madini, jiwe, hariri, mwanzi, kibuyu, udongo, ngozi na mti. Kundi la udongo lina hun, filimbi ya umbo la yai, na bu, chungu kinachopigwa kwa fimbo ya mwanzi iliyopasuliwa ncha. Tena mafundi wa enzi ya Goryeo (918–1392) walifinyanga kwa seladoni hata mwili wa janggu, ngoma ya kiuno chembamba ambayo siku hizi huchongwa kwa mti. Makumbusho ya Taifa jijini Seoul yanao mmoja, umechorwa maua ya peoni kwa rangi iliyotengenezwa kwa chuma. Utazameni vizuri kabla ya kugusa gurudumu la kufinyangia.

Mimi humwanzisha mgeni na hun, kwa sababu haikubali uongo: ama inalia, ama hailii. Udongo ukisinyaa kwa asilimia 12 hadi utoke tanurini, sauti hupanda kama toni nzima, yaani kama kutoka do hadi re. Kwa hiyo finyanga kubwa kuliko unavyotaka, na matundu yatoboe madogo, maana tundu unaweza kulisugua likapanuka baada ya kuchomwa, kulipunguza huwezi. Glezi ifute kwenye ukingo wa kupulizia na kuzunguka kila tundu, la sivyo itayeyuka na kuziba.

Janggu ni kazi nyingine. Bakuli mbili na kiuno hufinyangwa mbalimbali, kisha huunganishwa udongo ukiwa umekauka nusu. Vyote viwe na unyevu sawa, au nyufa zitatokea palepale kwenye maungio. Kiuno kiwe wazi ndani ili hewa ipite kutoka bakuli moja hadi jingine, lakini msikichonge chembamba mno: karibu na nyuzi 1,250 za Selsiasi udongo hulegea, na bakuli la juu lote linakikalia.

Rangi je? Ni chuma kidogo ndani ya glezi, pamoja na moto ulionyimwa hewa. Hewa ikizidi tanurini, kijani hugeuka manjano au hudhurungi. Hapo hakuna njia ya mkato. Kaa na mtu anayelijua tanuri hilo.

Na gayageum sasa? Itieni njumu kwenye chupa au sahani, kwa ile mbinu ya sanggam: chimba mistari 12, jaza udongo mweupe, kwangua, choma mara ya kwanza, ndipo upake glezi nyembamba. Ikiwa nene, nyuzi zitafifia chini ya ukungu. Mimi naipenda zaidi hivyo kuliko sanamu yenye waya.

Ngozi za janggu msiziagize mapema. Pimeni midomo ya bakuli baada ya moto wa mwisho, mpeleke vipimo kwa fundi wa ngoma. Hizo hukazwa kwenye pete pana kuliko mdomo na kuvutwa kwa kamba, hivyo hamhitaji kutoboa ukingo.